Kumtibu mgonjwa vizuri bila kumwanika: mwongozo kamili kwa zahanati na vituo vya afya

Huu mwongozo ni wa manesi, madokta, watu wa maabara, wa dirisha la dawa na hata mlinzi wa getini kwenye zahanati na vituo vya afya vyetu hapa Tanzania. Miongozo mingi ya faragha ukiisoma unaona kabisa imeandikiwa hospitali kubwa yenye vyumba vya kutosha na kompyuta kila meza, wakati sisi wengi tuna vyumba vitatu vinne, benchi moja refu nje ya dirisha na ukuta ambao haujafika darini, mtu akikohoa chumba hiki anajibiwa "pole" chumba cha pili. Kwa hiyo nimeandika mambo yanayowezekana kwa hali hiyo hiyo, mengi hayahitaji hata shilingi.

Msimamo wangu nausema mapema: siri ya mgonjwa ni sehemu ya tiba. Mgonjwa asiyekuamini anakudanganya kwenye historia, na ukishadanganywa kwenye historia hata uwe mjuzi vipi utatibu kitu kingine. Dada aliyemeza vidonge vya kutoa mimba atakwambia damu imeanza yenyewe, kijana mwenye usaha atasema ni UTI tu dokta niandikie dawa, mama anayepigwa nyumbani atasema kadondoka bafuni. Na mwenye VVU ataipita zahanati iliyo mlangoni kwake apande bodaboda mpaka wilaya ya pili akachukue dawa kusikojulikana sura yake, siku nauli ikikosekana dozi inakatika. Hao wote wameogopa masikio yaliyo karibu na chumba chako.

Kabla ya hatua zenyewe, sheria kwa ufupi tu. Katiba yetu ya 1977 ibara ya 16 inalinda faragha ya mtu. Sheria ya UKIMWI ya 2008 inataka majibu ya kipimo cha VVU yawe siri, na milango ya kuyatoa kwa mtu mwingine ni michache, mfano mzazi au mlezi wa mtoto mdogo, au mahakama ikiamuru. Alafu ikaja Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, ikaanza kutumika Mei 2023, hii imeweka taarifa za afya kwenye kundi la taarifa nyeti na ikaunda Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ambayo mgonjwa anaweza kwenda kulalamika. Wenzetu Kenya wana sheria yao ya 2019, na kabla ya hapo walishapitia jambo zito: mwaka 2015 lilitoka agizo la kukusanya majina ya wanafunzi wanaoishi na VVU, watu wakaenda mahakamani na Desemba 2016 Mahakama Kuu ikasema agizo lile limevunja haki zao. Nia ilikuwa kupanga huduma lakini kupanga huduma kunahitaji idadi, majina ya watoto hayakuhitajika. Hilo swali, "hapa nahitaji jina au nahitaji idadi?", ukilizoea litakuokoa mara nyingi.

Hatua ya 1: Ipite njia ya mgonjwa ukiwa umefungua masikio

Chagua siku ambayo kituo kimejaa kweli kweli, sio Ijumaa jioni. Mwombe mfanyakazi mwenzako, ikiwezekana ambaye wagonjwa hawamjui sana, akae kwenye benchi kama mgonjwa kuanzia getini mpaka dirisha la dawa, na kila alichosikia au kukiona cha mtu mwingine akiandike bila majina. Asiandike maoni, aandike tu alichosikia: "nikiwa benchi la maabara nimesikia mama mmoja ameambiwa kaswende." "Nimeona daftari la wajawazito liko wazi mezani, nimesoma majina." "Mlinzi amemuuliza kijana unaenda CTC? kwa sauti." (CTC ni ile kliniki ya wenye VVU.)

Mkikaa kikao karatasi ile ikasomwa, hakuna haja ya mtu kutoa semina, watu wanajionea. Na msiitumie kumkamata mtu, maana ikishakuwa ya kukamatana mwezi ujao hamna atakayeandika ukweli.

Hatua ya 2: Mapokezi, hapo ndipo siri nyingi zinapomwagika

Swali la "umekuja kutibiwa nini?" mbele ya foleni lifutwe kabisa. Mapokezi wanahitaji jina, umri, mahali anapotoka, kadi ya bima kama anayo, na kujua kama hali ni ya dharura au la. Anachoumwa ataeleza ndani. Kwa dharura uliza kwa namna ambayo jibu lake halimwaniki: "Shikamoo mama, kuna maumivu makali sana, damu inayotoka, au shida ya kupumua? Unaweza kuitika kwa kichwa tu." Mtu anaitika, unamtanguliza, basi.

Kuita majina kwenyewe hakuna kosa, na mi sishauri kila kitu kigeuzwe namba, kwa sababu namba nazo zina hatari yake: nimeshaona watu wanachukuliana vikaratasi kwenye foleni na dawa inaenda kwa asiye wake. Ita kwa jina au namba, lakini ndani ya chumba hakikisha kwa kumuuliza yeye mwenyewe akutajie majina yake yote na umri, usimsomee wewe akaitika tu, maana wazee na watu wenye homa huitika lolote. Kisichotakiwa ni kuunganisha jina na huduma. "Asha Juma, wa majibu ya damu ya VVU, njoo" hiyo umeshamtangaza. "Asha Juma, chumba namba mbili" inatosha.

Vibao vya milangoni navyo viangaliwe. Mlango ulioandikwa herufi kubwa kabisa jina la kliniki ya CTC na ukawa umeelekea barabarani, kila anayeingia anasomwa na wauza machungwa. Vyumba vipewe namba, na kama inawezekana huduma zichanganywe, yaani chumba kile kile kitoe na ya presha na kisukari, aliyepo benchini asijulikane amekuja kwa lipi. Vituo vilivyofanya hivo vinapunguza ile aibu bila kununua kitu.

Redio. Weka redio ndogo au televisheni eneo la kusubiria, sauti ya kawaida tu. Inafunika maongezi ya chumbani kuliko pazia lolote, pazia linazuia macho, sauti inapita kama kawaida. Sogeza na benchi: lile lililoegemea ukuta wa chumba cha daktari lipelekwe upande wa pili, kama kuna mwembe wekeni kivulini.

Hatua ya 3: Ndani ya chumba

Mlango ufungwe. Najua joto, najua umeme umekatika, lakini hata kuurudishia nusu na kugeuza kiti cha mgonjwa ili ampe mgongo mlango kunasaidia. Kama mko wawili mnahudumia chumba kimoja, mmoja akiwa na mgonjwa mwenye jambo zito mwingine atoke na wake, mkapime presha nje kwanza. Na watu wa kuingia ingia kuchukua gloves, kuuliza funguo, kuomba saini, muwekeeni utaratibu, anagonga anasubiri kuitikiwa. Mgonjwa akiwa amevua nguo mlango ukafunguliwa mara moja tu, harudi huyo.

Sasa jambo gumu zaidi hapa ni msindikizaji. Kwetu mgonjwa haji peke yake, anakuja na mama mkwe, na mume, na dada wa mume, na hilo ni jambo jema kwa sababu ndio watakaomhudumia nyumbani. Usiwafukuze. Jenga mazoea kwamba KILA mgonjwa mtu mzima anapata dakika chache peke yake, iwe kawaida ya kituo, ili isionekane umemshuku mtu fulani. Maneno yanaweza kuwa hivi: "Mama karibu sana, asante kwa kumleta mkwe wetu. Utaratibu wetu hapa kila mgonjwa tunampima kidogo peke yake, alafu nitakuita tuongee wote." Mama mkwe akisikia ni utaratibu wa wote hachukii. Ukibaki na mgonjwa muulize mambo mawili: kuna kitu ambacho hukukisema mbele yao? na katika tutakayoongea, kipi niwaambie wao na kipi kibaki hapa? Andika jibu lake kwenye faili ili na mwenzako wa zamu ya usiku alijue.

Lugha. Kuna maeneo mgonjwa hajui Kiswahili vizuri, ni Kisukuma au Kimaasai tu, na mara nyingi anatumika mtoto wake kutafsiri. Usimtumie mtoto kwa maswali ya hedhi, ndoa au magonjwa ya zinaa, mama hatosema ukweli na mtoto atabeba kitu kisicho cha umri wake. Tafuta mfanyakazi anayejua lugha hiyo, hata kama ni mhudumu wa usafi, ila mhudumu huyo awe ameelezwa mapema kwamba naye anabanwa na siri kama nesi.

Wanafunzi wa mafunzo kwa vitendo: wanatakiwa kujifunza, sote tulipita huko. Lakini omba ruhusa kabla hawajaingia, wakiwa nje bado. Ukimuuliza mgonjwa mbele ya vijana sita waliovaa makoti meupe "una tatizo wakiwepo?" hapo umemlazimisha, hawezi kukataa.

Hatua ya 4: Maabara na majibu

Angalia kikopo cha mkojo kinavyosafiri. Mgonjwa anatoka chooni, anakatiza uwanja mzima ameshika mkononi, watu wanaangalia. Weka trei yenye kifuniko au bahasha ya khaki pale chooni. Sampuli iandikwe jina na namba pale pale mgonjwa akiwepo, hapa faragha na usalama vinakwenda pamoja, maana sampuli isiyo na jina inazaa majibu ya mtu mwingine na majibu ya mtu mwingine ni siri iliyovuja pamoja na tiba iliyokosewa.

Majibu yasisambazwe juu ya meza watu wachague yao. Niliwahi kukuta hilo sehemu moja, vikaratasi vimepangwa kama vocha, kila mtu anapekua. Vikae kwenye boksi la mtaalamu, vitoke kimoja kimoja, vikunjwe. Kwa VVU, kaswende, ujauzito na homa ya ini majibu aelezwe chumbani na anayehudumia, na wote waliopima wapitie utaratibu mmoja. Ukiwapa wenye hasi vikaratasi dirishani na wenye chanya ukawaita ndani, foleni nzima inajua hesabu hiyo. Wote waingie, na wakae muda unaokaribiana.

Alama za siri kwenye kadi, ukizitegemea zitakuangusha. Kila alama mliyowahi kuitunga mtaani wanaijua baada ya miezi michache, herufi fulani kwenye pembe, kalamu nyekundu, kadi ya rangi tofauti. Kinachomlinda mgonjwa ni nani anaishika hiyo kadi.

Na daftari la mgonjwa, lile la kununua dukani analokwenda nalo nyumbani? Hilo linasomwa na nyumba nzima. Muulize anakaa nalo wapi. Vitu ambavyo hataki visomwe viandikwe kwenye faili la kituo na daftarini uandike kinachotosha kuendeleza tiba, mfano tarehe ya kurudi na namba ya faili.

Hatua ya 5: Dirisha la dawa

Mfamasia au nesi wa dawa anatakiwa kueleza matumizi, na anaeleza kwa sauti kwa sababu dirisha lina kioo na foleni ina kelele. Chora mstari sakafuni kwa rangi au bandika plasta, anayefuata asimame nyuma ya mstari. Maelezo yaandikwe kwenye pakiti, asubuhi na jioni, kabla au baada ya kula, alafu umwonyeshe kwa kidole. Dawa za kuingiza ukeni au njia ya haja kubwa zielezwe pembeni au na aliyemwandikia kabla hajatoka chumbani, vinginevyo mgonjwa ataitikia tu "ndio nimeelewa" ili aondoke na akifika nyumbani atazimeza.

Makopo ya ARV, yaani dawa za VVU, yana mlio watu wanaujua. Wagonjwa wengi wanamimina vidonge kwenye karatasi au mfuko wa nailoni ili kopo lisionekane, na hapo dawa inakutana na unyevu na joto. Kopo lina kile kipakiti cha kunyonya unyevu kwa sababu. Mwambie dawa zibaki kwenye kopo lake, ila mpe bahasha ya khaki au mfuko usioonyesha, na muulize waziwazi: "kaka, hizi nyumbani utaziweka wapi?" Hilo swali linafungua mengi, utagundua mke hajui, au anaishi geto na wenzake wanne, na mpango wa dawa utaupanga kwa maisha yake halisi.

Hatua ya 6: Vitabu vya MTUHA, mafaili na kompyuta

Vitabu vya MTUHA, yaani rejista za taarifa za huduma za afya, vina majina, mtaa, umri na ugonjwa kwenye mstari mmoja, kwa hiyo ukurasa mmoja ulioachwa wazi ni watu ishirini na kitu wameanikwa. Kata karatasi ngumu yenye upana wa kitabu, toboa nafasi ya mstari mmoja tu, iweke juu unapoandika mbele ya mgonjwa. Rahisi hivyo. Jioni vitabu viingie kabatini kabati lifungwe, na funguo ijulikane iko kwa nani.

Kwa wenye GoTHOMIS, ule mfumo wa serikali wa kompyuta wa kutunza taarifa za wagonjwa, au mfumo mwingine wowote: kila mtu na akaunti yake. Hili linapuuzwa mno, unakuta kituo kizima kinaingia kwa paswedi ya mtu mmoja iliyobandikwa kwenye skrini kwa plasta. Siku faili la mtu maarufu wa kijijini likifunguliwa na asiyehusika, mfumo utaonyesha jina la mwenye paswedi, na yeye siku hiyo alikuwa likizo. Ukiinuka funga skrini, geuza kompyuta isiangalie mlango. Na kufungua faili la jirani yako au shemeji yako kwa sababu tu umemwona kwenye foleni ukataka kujua ana nini, hata usipomwambia mtu, tayari umeshaingia pasipokuhusu.

Karatasi chakavu: makaratasi ya kituo yasitoke kwenda kufungia vidonge wala maandazi. Yaliyomaliza muda wake wa kutunzwa yachomwe kwenye tanuri la taka mbele ya watu wawili na iandikwe nini kimechomwa. Lakini usichome kwa kubana nafasi tu, faili la mgonjwa wa kifafa la miaka mitatu nyuma ndilo litakalokwambia dawa gani ilimkataa.

Hatua ya 7: Simu na magrupu ya WhatsApp

Nitakaa hapa kidogo, maana siku hizi siri zinavuja kwa simu kuliko kwa mdomo.

Grupu la madokta la kuulizana kesi linaokoa maisha, sitaki mtu aseme lifungwe. Uko zahanati peke yako usiku, umepata mtoto ana vipele usivyovielewa, ukimtumia bingwa picha anakujibu ndani ya dakika kumi. Fanya hivi: mwambie mzazi unataka kumuuliza daktari mwenzako na utatuma picha ya ngozi tu, akikubali piga picha ya eneo lile tu. Uso, chale, tatuu, kanga yenye maandishi, ukuta wenye jina la kituo, vyote visionekane. Ukituma karatasi ya maabara funika jina na namba ya faili kabla ya kupiga, usitegemee kufuta kwa rangi ya kwenye simu, rangi nyingine ukiongeza mwanga maandishi yanasomeka. Andika umri, jinsia na dalili, usiandike "mtoto wa mwenyekiti wa kijiji". Ukishapata jibu liandike kwenye faili la mgonjwa alafu ifute picha, na kumbuka simu nyingi zinahifadhi picha mtandaoni zenyewe, kwa hiyo zima hiyo kwa picha za kazini. Watu wengine kwenye grupu wasisambaze, na grupu lisafishwe, walioacha kazi watolewe.

Stetasi hapana. Hata ya kumsifia mgonjwa aliyejifungua pacha watatu, hata bila jina. Kijiji kina pacha watatu wangapi?

Kufuatilia waliokosa kliniki kwa simu: siku ya kwanza kabisa mgonjwa anapoandikishwa muulize namba ni ya nani, nani mwingine anaipokea, tukipiga tujitambulisheje, na meseji itumwe au isitumwe. Akipokea mtu mwingine: "Habari za saa hizi, naomba kuongea na dada Rehema. Hayupo? Sawa, nitapiga tena jioni." Ukibanwa wewe ni nani, tumia jina lako na sababu mliyokubaliana na mgonjwa. Na uangalie namba ya kituo imesevuliwaje kwenye zile programu zinazoonyesha jina la mpigaji, watu wanaweza kuwa wameisevu "CTC" na simu ikilia jina linatokea mbele ya mume. Mhudumu wa afya ngazi ya jamii anayetumwa nyumbani asivae fulana yenye maandishi ya UKIMWI au kifua kikuu, na apite na nyumba nyingine za jirani pia siku hiyo.

Hatua ya 8: Rufaa, hapa usifiche

Kuna watu wakishasikia faragha wanaanza kuficha hata kwa anayekwenda kumtibu mgonjwa, na hiyo inaua. Anayempokea kwa ajili ya tiba anatakiwa ajue yote yanayogusa tiba hiyo. Mfano wa wazi: mgonjwa anatumia ARV zenye dolutegravir na unampeleka akaanze dawa za kifua kikuu. Rifampicin, mojawapo ya dawa hizo za kifua kikuu, inapunguza dolutegravir mwilini, ndiyo maana dolutegravir inaongezwa kuwa miligramu 50 mara mbili kwa siku. Ukinyamaza kwenye barua eti unatunza siri, virusi vitapanda na mgonjwa ndiye atakayelipa.

Mwambie mgonjwa: "nitawaandikia wenzangu kwamba unatumia dawa hizi, bila hivyo watakupa dozi isiyokutosha." Kwa maelezo hayo wengi wanakubali. Barua iwe kwenye bahasha iliyofungwa, jina la idara juu. Piga simu kwa anayepokea. Dereva wa gari la wagonjwa anahitaji kujua wapi na haraka kiasi gani, na kama kuna maambukizi ya hewa ajue avae barakoa na afungue madirisha, jina la ugonjwa halimsaidii kuendesha.

Hatua ya 9: Wanaokuja kuuliza

Mwajiri akipiga simu kuuliza mfanyakazi wake anaumwa nini: jibu ni kwamba hatutoi taarifa za mgonjwa, cheti cha mapumziko kinaonyesha siku anazopumzika, na hapo pametosha. Akisema ndiye anayelipia bima, jibu ni lile lile.

Polisi wakija, waje kwa mganga mfawidhi, ombi liwe la maandishi, na kinachotolewa ni kile tu kinachohusu kesi. Fomu ya PF3, ile ya polisi ya mtu aliyejeruhiwa, unajaza majeraha uliyoyaona, sio historia yote ya maisha ya mtu. Na mtu aliyeumia vibaya atibiwe, fomu itafuata.

Mtoto anayefanyiwa ukatili, hapo ukimya sio siri, ni kosa. Sheria ya Mtoto ya 2009 inataka jambo hilo lifike kwa mamlaka ya serikali za mitaa, na ustawi wa jamii ndio njia yako ya kwanza. Usimwahidi mtoto "sitamwambia mtu", mwambie utawaambia watu wachache wanaoweza kumsaidia na umtajie ni akina nani. Kipindupindu vile vile, taarifa iende kwa mganga mkuu wa wilaya siku hiyo hiyo, ikiwa na mahali mgonjwa anapotoka ili chanzo cha maji kifuatwe. Kipaza sauti cha kijiji kitangaze kuchemsha maji, kisitangaze nyumba ya nani.

Vijana. Tangu marekebisho ya 2019 kijana wa miaka 15 anaweza kukubali mwenyewe kupima VVU. Baba yake akija dirishani kuulizia majibu kwa ukali, mpokee kwa heshima, mkaribishe akae, mwambie njia nzuri ni kijana mwenyewe amwambie na wewe uko tayari kukaa nao wote wawili kijana akiridhia.

Wenza ndilo zito kuliko yote. Sheria ile ya 2008 inamtaka mwenye VVU amjulishe mwenza wake, na mwenza naye ana haki ya kuwa hai. Lakini mke akimwambia mume bila maandalizi anaweza kutoka nyumbani na begi usiku huo. Kwanza muulize kuhusu vipigo, kabla ya kuongea chochote kuhusu kumwambia mwenza. Kama ni salama, mpe njia: aseme mwenyewe, aseme akiwa na wewe pembeni, au waje kupima wote kama vile ndio mara ya kwanza. Mpe muda na tarehe ya kurudi, mfuatilie, na kila hatua iandikwe. Kumpigia mume kimya kimya kwa kumwonea huruma, usifanye.

Na waliofariki. Azimio la Geneva la madaktari, tangu liliporekebishwa 1968, linasema siri inatunzwa hata baada ya mgonjwa kufa. Msibani watu watakuuliza, "nesi, marehemu alikuwa anaumwa nini hasa?" Jibu: "familia ndio wasemaji, mi nimekuja kuhani."

Hatua ya 10: Siri ikishavuja

Itatokea. Zuia kwanza isiendelee: picha ifutwe, karatasi irudishwe, mazungumzo ya grupu yasimamishwe. Alafu mwambie mgonjwa mwenyewe siku hiyo hiyo, kabla hajaambiwa na jirani: kilichotoka ni nini, kimefika kwa nani, mnafanya nini. Muulize yuko salama nyumbani, kama hayupo salama mwunganishe na ustawi wa jamii au dawati la jinsia polisi. Akitaka kuhamishia kliniki sehemu nyingine mwandikie uhamisho kamili na dawa za kutosha za njiani ili dozi isikatike, asiondoke kimya kimya kwa aibu.

Mganga mfawidhi aandike tukio, amsikilize aliyehusika, na kama ni utovu wa nidhamu upelekwe kwenye baraza la taaluma yake, manesi wana lao na madaktari wana lao. Mgonjwa aelezwe bila kuzungushwa kwamba anaweza kulalamika kituoni, kwa mganga mkuu wa wilaya, au kwenye Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi. Na ule ukuta, simu au kabati palipovujia parekebishwe wiki hiyo hiyo, alafu mrudie matembezi ya hatua ya kwanza kwa kuanzia hapo hapo.